Mdogo wangu anasomea upasuaji wa ubongo, nami nimechoka kulipa

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa hiyo nisamehe nikichanganya mambo.

Tumezaliwa wanne na mimi ndiye wa kwanza. Baba alifariki nikiwa na miaka 20. Nilikuwa nimeanza kusomea uhasibu, nikaacha, nikaingia kazini kama karani wa hesabu ili wadogo zangu wasome. Sasa nina miaka 38, nimeolewa, nina mtoto mmoja, na bado ni karani wa hesabu.

Anayenifuata ana miaka 32. Huyu ndiye aliyekuwa na akili za darasani kutuzidi sote, na alipochaguliwa kusomea udaktari tulilia kwa furaha. Nililipa miaka mitano. Akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, nikashusha pumzi. Akaajiriwa miaka miwili, akaanza hata kunitumia chochote kila mwezi, nami nikaenda kuulizia habari za kurudi masomoni. Mara akaja na jipya: anakwenda kusomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, miaka sita. Kazi akaacha. Posho anayopata haitoshi hata kodi ya chumba, na ada anatakiwa alipe mwenyewe. Yaani nilipe mimi.

Sasa yuko mwaka wa nne. Kila nikimpigia yuko zamu, au yuko chumba cha upasuaji, au amelala. Akija kwangu anakaa kwenye kochi na kibanio kidogo mkononi, anashona vipande vya glavu kwa uzi ambao mimi siuoni, saa nzima, hasemi na mtu. Mume wangu haamini tena kwamba anasoma. Anasema daktari ni daktari, angefungua kliniki yake akatibu watu na sisi tukapumua.

Wakati huohuo ukoo mzima unamhesabu kuwa tajiri. Binamu yetu alikuta kwenye intaneti kwamba wapasuaji wa ubongo Marekani wanalipwa zaidi ya dola 700,000 kwa mwaka, akaisambaza kwenye kundi la familia. Tangu siku hiyo naulizwa mimi: "Daktari wenu anamaliza lini?" Sijui la kujibu. Nikimuuliza yeye ananiambia, "Bado kidogo, Dada."

La mwisho ndilo baya zaidi. Wiki tatu zilizopita alikuja usiku, hakula, akakaa sebuleni gizani. Nilipombana akasema walimfanyia upasuaji mtoto wa miaka sita aliyekuwa na uvimbe nyuma ya ubongo. Mtoto aliamka vizuri, akamwita mama yake. Siku ya pili akanyamaza, na hajasema neno tena. Mdogo wangu alikuwa analia. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetoka kutuma ada, tena ya kukopa. Nikamwambia, "Miaka yote hii nalipa mimi, kumbe ili mkamfanye mtoto wa watu bubu?"

Akaondoka usiku uleule. Hapokei simu. Ameniandikia ujumbe mmoja tu: "Usitume tena ada, Dada. Nitajua mwenyewe."

Shangazi, nimekosea? Anatudanganya, au kweli masomo haya ni marefu hivi? Niache kutuma? Na hizo pesa wanazozisema, zitakuja?

Dada Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza ujue anayekujibu ni nani. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka 27, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilisimama kwenye meza ya vifaa nikiwapa wapasuaji wa ubongo mikasi, pamba na klipu. Nimewaona vijana kama mdogo wako wakiingia mikono ikiwatetemeka, nikawaona wakitoka mabingwa. Nimewaona pia walioishia njiani. Barua yako niliisoma mara tatu.

Naanza na yule mtoto, ambaye wewe umemweka mwisho.

Uvimbe unaoota nyuma ya ubongo, pale panaposimamia mizani ya mwili, ni miongoni mwa uvimbe unaowapata sana watoto. Ukikua huziba njia ya maji ya ubongo. Mtoto anaumwa kichwa, anatapika asubuhi, anayumba akitembea. Ukiachwa unaua. Upasuaji si jambo la hiari hapo. Sasa, kuna kitu ambacho madaktari wa fani hii wanakijua na wanakiogopa: baadhi ya watoto huamka kutoka kwenye usingizi wa dawa wakiwa wazima, wanaongea, wanaomba maji, halafu siku ya kwanza au ya pili sauti inakatika. Kwa uvimbe wa kansa uitwao medulublastoma, humpata takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopasuliwa. Hutokea hata mikononi mwa wapasuaji bora kabisa duniani. Na wengi wao hurudi kusema, baada ya wiki kadhaa au miezi. Maneno huanza moja moja, taratibu, na wapo wanaobaki na shida ya mizani au ya kushika masomo. Mimi simjui mtoto huyo na siwezi kusema yeye itakuwaje. Ila ukimya wa siku ya pili, baada ya kumwita mama, nimeuona kwa macho yangu, na nimemwona pia mama mmoja akipiga kelele wodini miezi miwili baadaye kwa sababu mwanawe amesema "mama, hapana" alipotaka kumchana nywele.

Kwa hiyo ulichomwambia mdogo wako hakikuwa kweli, na kilimfikia siku ambayo hakuwa na ngozi ya kukipokelea. Umekosea. Nakwambia bila kuzunguka kwa kuwa umeniuliza bila kuzunguka.

Tena mtu wa mwaka wa nne, kwenye upasuaji kama huo, kwa kawaida si yeye anayeutoa uvimbe. Anamlaza mgonjwa vizuri, anasaidia kufungua fuvu, anashika, ananyonya damu, anafunga. Sehemu ya ndani kabisa ni ya bingwa. Lakini anayekwenda wodini saa kumi na mbili asubuhi, akamkuta mama kitandani pa mtoto na kuulizwa "kwa nini haongei?", ni yeye. Bingwa anakuja baadaye. Mdogo wako alikuja kwako akiwa amebeba swali la mama yule, na alichagua sebule yako kati ya sebule zote.

Sasa kama anakudanganya. Hapana. Hesabu zake zinakaa sawasawa kabisa, nawe ni mtu wa hesabu, zipitie. Marekani kijana akimaliza sekondari anasoma chuo miaka minne, shule ya udaktari miaka minne, kisha upasuaji wa ubongo miaka saba. Hiyo ni 15, na wengi huongeza mwaka mmoja au miwili ya ubobezi, wa watoto, wa mishipa ya damu, au wa uti wa mgongo. Uingereza, baada ya chuo cha udaktari kuna miaka miwili ya msingi na minane ya fani yenyewe. Nchi nyingine ni mitano, nyingine sita. Mtu wa miaka 32 aliye katikati ya mafunzo haya hajachelewa hata kidogo. Wenzake duniani kote wako hapohapo alipo.

Mumeo anauliza ni masomo gani hayo. Ni haki yake kuuliza, maana mtu wa nje haoni madarasa wala mahafali. Mfumo huu wa daktari kuishi hospitalini akijifunza chini ya mkubwa wake aliujenga William Halsted katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Enzi hizo hakukuwa na idadi ya miaka. Ulimaliza siku mkubwa wako alipoona umeiva, basi. Leo miaka imewekwa, lakini ile roho ya zamani bado ipo: kila upasuaji unaandikwa kwenye daftari la kumbukumbu, ulisaidia au ulifanya mwenyewe, na mitihani inasubiri mwishoni. Ndiyo maana anakujibu "bado kidogo". Si kwamba hajui mwaka. Hana uhakika na mwaka.

Nikueleze wanachojifunza, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kukueleza na ndipo nusu ya hasira yako ilipo.

Fuvu ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake mna ubongo wenye uzito wa karibu kilo moja na nusu, mna damu, na mna maji. Kimoja kikiongezeka, vingine lazima vipungue, na vikishindwa kupungua presha inapanda na ubongo unasukumwa kuelekea tundu la chini. Mboni ya jicho moja inatanuka, mgonjwa haamki tena ukimwita. Kutoka hapo hesabu ni ya dakika. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kijana hafundishwi kutoa uvimbe. Anafundishwa kuamka. Anapigiwa saa nane usiku, anaangalia picha za skani, anaamua kama mgonjwa huyu asubiri au aingie sasa hivi, na akikosea upande wowote kuna mtu anaumia. Anajifunza kutoboa tundu fuvuni kupitisha mrija wa maji, kisha kuondoa damu ya zamani iliyoganda juu ya ubongo wa mzee aliyeanguka, kisha kuinua mfupa uliobonyea baada ya ajali. Uti wa mgongo nao ni wao, tena kwa wengi ndio unaokula sehemu kubwa ya kazi: neva iliyobanwa, mfupa uliovunjika, mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Uvimbe wa ndani unakuja baadaye. Mishipa ya damu iliyovimba kama puto, ambayo ikipasuka mgonjwa anaweza kufa mezani, hiyo inakuja mwishoni kabisa, na wapo mabingwa ambao hawaigusi maisha yao yote.

Na ubongo hauvumilii kubanwa. Ukikatwa mkono, unabana, damu inasimama. Kwenye ubongo ukibana umeharibu. Harvey Cushing, ambaye wapasuaji wa ubongo wanamheshimu kama baba wa fani yao, mwaka 1926 alilazimika kuacha upasuaji katikati kwa sababu ya damu. Siku chache baadaye akarudi kwa mgonjwa yuleyule akiwa na kifaa cha umeme cha kuziba mishipa alichobuni William Bovie, akamaliza kazi. Kifaa cha aina hiyo kimelala mkononi mwangu maelfu ya mara. Siku hizi kuna na hadubini kubwa inayoning'inia juu ya mgonjwa, na chini yake mpasuaji anashona mishipa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, pengine saa nane, pengine kumi na mbili, bila kuruhusu mkono uruke.

Hapo ndipo zinapoingia zile glavu zako. Kushona vipande vya glavu kwa kibanio ni zoezi lenyewe, linafanywa na wanafunzi wa upasuaji wa hadubini kila mahali. Raba ile inakaribia unyororo wa mshipa, ukivuta vibaya inachanika na unajiona. Mwanangu, mdogo wako alikuwa anafanya kazi ya shule mbele yenu. Nilicheka kidogo kisha nikasikitika, kwamba amekuja kwenu miaka minne na hakuwahi kusema, "Dada, njoo uone ninachofanya." Hilo ni kosa lake, na ninalitia kwenye hesabu.

Usingizi nao. Marekani waliweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni mwaka 2003, na mafunzo ya upasuaji wa ubongo yanaweza kuombewa ruhusa ya kufika 88. Fikiria kwamba 80 ndiyo nafuu. Ulaya sheria inasema 48. Kuna sehemu nyingi ambako hakuna namba iliyoandikwa popote, na mtu anatoka kazini pale tu kazi inapomruhusu. Akilala kwenye kochi lako hajakudharau.

Sasa pesa, na hapa nitakuwa upande wako zaidi kuliko unavyotarajia.

Namba aliyoisambaza binamu yenu ni ya kweli. Marekani wapasuaji wa ubongo wako kileleni mwa orodha ya malipo ya madaktari. Lakini ni namba ya aliyemaliza, katika nchi moja, iliyokatwa na kuachwa bila habari zake nyingine. Huyohuyo, kwa miaka saba ya mafunzo, alilipwa takriban moja ya kumi ya kiasi hicho. Wanaokopa kusomea udaktari kule humaliza chuo na deni ambalo kwa wastani linazunguka dola 200,000. Halafu kuna mahakama: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kila mwaka wapasuaji wa ubongo 19 kati ya 100 walikabiliwa na madai ya uzembe, juu kuliko fani nyingine zote zilizoangaliwa. Bima ya kujikinga na hayo inalipiwa, na ni ghali. Vuka bahari uende Uingereza: bingwa wa ubongo katika huduma ya afya ya umma yuko kwenye ngazi ileile ya mshahara na bingwa wa ngozi. Kinachowatofautisha ni kazi za binafsi nje ya saa za serikali, na si wote wanazo.

Kwa hiyo zitakuja? Akimaliza atalipwa vizuri kuliko sasa, hilo sina shaka nalo. Kama atakuwa tajiri inategemea ataajiriwa wapi, na kama hospitali hiyo ina mashine ya skani, hadubini, daktari wa usingizi, na vitanda vya wagonjwa mahututi. Na hapo ndipo wazo la kliniki linapovunjika. Daktari wa macho au wa meno anaweza kuanza na chumba kimoja. Mpasuaji wa ubongo peke yake, nje ya hospitali kubwa, hana la kufanya na mikono yake. Angeweza kufungua kliniki ya magonjwa ya kawaida, kweli, lakini miaka minne uliyolipia ingekaa tu. Zamu za malipo mahali pengine mwishoni mwa wiki wenzake wengi wanafanya, ila mimi ningemwonea huruma mgonjwa wa Jumatatu.

Nikuambie pia kwa nini ningependa amalize, si kwa ajili yenu tu. Mwaka 2018 yalichapishwa makadirio kwamba kila mwaka watu zaidi ya milioni 13 duniani wanahitaji upasuaji wa aina hii, na takriban milioni tano kati yao, karibu wote wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, hawaupati. Walikadiria pengo la wapasuaji zaidi ya 23,000. Nimewahi kukaa na mgonjwa ambaye aliletwa siku ya tatu baada ya ajali, kutoka mahali pasipo na mtu wa kutoboa tundu moja fuvuni. Tundu moja tu, kazi ambayo mdogo wako sasa anaweza kuifanya usiku bila kuamsha bingwa. Alikufa tukiwa tunamnyoa nywele. Sijamsahau na sitamsahau.

Lakini hayo yote, mwanangu, hayakufanyi wewe uwe benki.

Nimeona dada na mama wengi wakikaa kwenye korido za hospitali wakijivunia daktari wao, wamevaa viatu vilivyokwisha. Uliacha uhasibu ukiwa na miaka 20. Alipoacha ajira ili arudi shule, alikuuliza? Barua yako inasema "akaja na jipya", yaani alileta habari. Habari si ombi. Alikuwa na miaka 28, mtu mzima, akafanya uamuzi wa miaka sita juu ya mshahara wa mtu mwingine bila kukaa naye chini na kalamu. Kama angeketi, pengine ungekubali vilevile, lakini ungekuwa umekubali. Hasira uliyomtupia usiku ule juu ya mtoto ilikuwa ya hapa. Ilikuwa ya uhasibu.

Sasa tenganisha. Habari ya mtoto uiombee radhi peke yake, bila kutia neno la ada ndani yake. Usiseme "nisamehe, ila nilikuwa nimechoka." Sema nisamehe, unyamaze. Kwa kuwa hapokei simu, mwandikie, au nenda pale anapoishi asubuhi ya kutoka zamu, umsubiri mlangoni. Usiende na mumeo siku hiyo.

Pesa ziwe siku nyingine, wiki moja au mbili baadaye, na ziwe kwenye karatasi. Wewe unajua kupanga vitabu, mpangie. Aandike imebaki miaka mingapi, ada ni kiasi gani kila muhula, mitihani ya mwisho inalipiwa nini, posho ni ngapi. Kisha wewe uandike unachoweza kutoa bila kukopa, na tarehe utakayoishia. Bila kukopa, nimesema. Kama ni nusu ya ada, iwe nusu. Iliyobaki ni yake kuitafuta, na njia zipo ambazo nina wasiwasi hajazigusa kwa sababu wewe ulikuwepo: mwajiri wa kumlipia kwa mkataba wa kurudi kumtumikia, mkopo wa masomo, ufadhili kutoka vyama vya wapasuaji, hata kumwomba mkuu wa idara amruhusu alipe ada kwa mafungu. Mkuu wa idara anayejua kwamba mwanafunzi wa mwaka wa nne yuko karibu kuacha kwa ajili ya ada hakai kimya. Mtu wa mwaka wa nne ni nguzo ya zamu za usiku, wanamhitaji kuliko anavyofikiri.

Ule ujumbe wake, "nitajua mwenyewe", usiuchukue kama ruhusa ya kuacha kabla hamjaongea. Ameuandika akiwa amejeruhiwa. Nimewaona watu wakiacha mafunzo haya, na sikuona hata mmoja aliyeacha kwa sababu kazi ilikuwa ngumu tu. Waliacha wiki ambayo mgonjwa aliwaharibikia na nyumbani pia hapakuwa na mahali pa kukaa.

Na wewe rudi ukajiandikishe uhasibu. Muhula ujao, masomo ya jioni kama yapo. Karatasi ile iwe na mstari wako pia: yeye akimaliza na kuanza kulipwa, ada yako ya uhasibu ndiyo inayolipwa kwanza, kabla ya gari na kabla ya harusi ya mtu yeyote. Atie sahihi. Najua ndugu hawaandikishiani, lakini nakwambia mtu wa fani hii akiwa na karatasi anatulia, maana amefundishwa kuamini kilichoandikwa.

Binamu na lile kundi la familia wape jibu moja tu: amebakiza miaka miwili na mitihani, na hana pesa. Usimpambe. Kila ahadi unayoitoa kwa niaba yake leo, ataikuta imemsubiri mlangoni siku anamaliza, akiwa hana hata kitanda.

Kama utafuata moja tu kati ya haya yote, basi ni la leo jioni. Umwandikie, na usiguse ada, wala zamu, wala "unamaliza lini". Muulize yule mtoto anaendeleaje, na kama ameanza kusema.

Shangazi